Bastola Kuukuu Yenye Majina Mawili

Najua nimewatupa kwa wiki kadhaa. Kazi zimenibana, na kuna hitilafu moja katika programu ninayoitengeneza ambayo imekataa kabisa kuonekana mchana. Hujitokeza usiku tu, kama popo. Leo naomba tuiweke tarakilishi kando kidogo tuzungumze kuhusu chuma kikuukuu. Msiondoke. Tutafika kwenye mambo yetu, tena mapema kuliko mnavyofikiri.

Nina rafiki tuliyesoma naye chuo kikuu hapa Nairobi, ambaye sasa anaishi katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Naye huandika programu, kwa mshahara unaonitia wivu. Bwana huyu ana ugonjwa wa kupenda mashine za zamani. Alianza na saa za kutia ufunguo, akahamia kwenye taipureta, mwishowe akaangukia bastola za karne ya 19, zile zenye silinda inayozunguka. Kwa miaka tisa alikuwa akitafuta bastola moja tu. Kila alipoipata, ama bei ilimshinda, ama kuna mtu alikuwa ameisugua na kuipaka rangi mpya hadi maandishi yakafutika. Majuzi akaipata kwenye maonyesho ya wauza vitu vya kale. Akaniletea picha nne na ujumbe mfupi: "Kaka, nimeipata! Soma maandishi yaliyo kwenye mtutu, halafu uniambie ni nani aliyeitengeneza."

Baba alikuwa ameketi karibu nami. Akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hiyo ni kama ile ya Kimathi?"

Kwa watu wa rika lake, bastola ya silinda si kitu cha kuwekwa kabatini kama pambo. Dedan Kimathi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, kosa lililompeleka kwenye kitanzi lilikuwa kupatikana na bastola ya Webley ya .38 pamoja na risasi, kinyume cha kanuni za hali ya hatari. Kesi ilisikizwa Nyeri mwezi wa Novemba, naye akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Nilimjibu, "Hapana Baba, hii ni ya zamani zaidi, ni ya Marekani." Hilo ni kweli. Lakini baadaye nikagundua kwamba ziko na kitu kimoja kinachozifanya ndugu, nacho ni tundu. Hadithi ya leo inahusu tundu hilo.

Nikaikuza picha. Kumbe mtutu una majina mawili. La kwanza ni L. W. Pond, wa mji wa Worcester. La pili ni Smith & Wesson, na maandishi yanasema bastola hii ilitengenezwa kwa ajili yao, chini ya hataza ya mwaka 1855. Sasa, Smith & Wesson walikuwa na kiwanda chao wenyewe mjini Springfield, kilomita 80 hivi kutoka Worcester, na Pond hakuwa fundi wao wa kandarasi. Alikuwa mshindani wao. Mbona mtu aandike jina la mshindani wake juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe?

Kwa wasiojua neno hilo: hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi, ili kwa miaka kadhaa mtu mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Nimeshalalamika hapa mara nyingi kuhusu hataza za programu. Bastola ya rafiki yangu ni ushahidi wa chuma kwamba malalamiko hayo yana umri mkubwa.

Turudi nyuma kidogo. Samuel Colt alipata hataza yake ya Marekani tarehe 25 Februari 1836. Wazo lake lilikuwa safi kabisa: ukivuta nyundo nyuma, silinda inajizungusha hatua moja na kujifunga mahali pake, tundu lenye risasi likiwa limelingana sawasawa na mtutu. Kiwanda chake cha kwanza, kule Paterson, New Jersey, kilifilisika mwaka 1842. Vita vya Marekani na Mexico vikamwokoa. Jeshi liliagiza bastola 1,000 za aina iliyoitwa Walker, zikatengenezwa mwaka 1847, na tangu hapo Colt hakutazama nyuma. Mwaka 1851 aliishtaki kampuni ya Massachusetts Arms kwa kuiga silinda yake, akashinda. Hataza yake iliongezewa muda, ikadumu hadi 1857.

Lakini bastola ya Colt ilikuwa na kero kubwa. Silinda yake ilikuwa na matundu yaliyozibwa nyuma, kama vikombe. Ulimimina baruti kwa mbele, ukaweka goli la risasi juu yake, ukalishindilia kwa wenzo ulio chini ya mtutu, ukarudia hivyo kwa kila tundu. Halafu ukageukia upande wa nyuma na kuvisha kila kichomozo fataki yake, ile kofia ndogo ya shaba inayolipuka ikigongwa na nyundo. Jaribu kufanya hayo yote mvua ikinyesha, au juu ya farasi, au mtu akikukimbilia.

Dawa yake ilikuwa ya wazi: unganisha baruti, fataki na risasi ndani ya ganda moja la chuma, kisha toboa silinda kutoka mwisho hadi mwisho ili ganda liingilie nyuma. Kule Ufaransa jambo hilo halikuwa siri. Eugène Lefaucheux alikuwa na bastola ya namna hiyo mwaka 1854, na jeshi la majini la Ufaransa liliipokea mwaka 1858.

Marekani, hata hivyo, tundu hilo lilikuwa na mwenyewe. Jina lake Rollin White.

White alikuwa akifanya kazi kwa Colt kule Hartford. Tarehe 3 Aprili 1855 alipewa hataza namba 12,648. Ukiutazama mchoro wake utacheka: ni bastola yenye mitambo ya ajabu ya kujaza risasi, kitu ambacho hakuna kiwanda kilichowahi kukiuza jinsi kilivyochorwa. Lakini katikati ya maelezo hayo mlikuwa na dai moja la silinda iliyotobolewa moja kwa moja. Mstari huo mmoja ndio uliokuwa na thamani ya mali yote. Kuna hekaya inayopendwa sana kwamba White alimpelekea Colt wazo hilo, Colt akamfukuza. Mimi siitegemei. Ni tamu mno, na hekaya tamu mno huwa zimetiwa sukari na mtu.

Aliyeuona mstari huo ni Daniel Wesson. Yeye na mwenzake Horace Smith walitaka kutengeneza bastola ya risasi za ganda mara tu hataza ya Colt itakapoisha. Wesson alipochunguza njia, akamkuta White amekaa katikati yake. Mnamo Novemba 1856 wakawekeana mkataba: Smith & Wesson pekee ndio watakaoitumia hataza, na kwa kila bastola watamlipa White mrabaha wa senti 25. Mwaka 1857 wakatoa bastola yao ya kwanza, kitu kidogo cha kuingia mfukoni, chenye risasi saba za .22. (Jambo la kando kwa wenzangu wa programu: risasi ile ya .22 fupi bado inatengenezwa leo, zaidi ya miaka 160 baadaye. Sisi hatuwezi hata kufungua faili la miaka kumi iliyopita bila kusali kwanza.)

Senti 25 ilikuwa pesa siku hizo. Tatizo lilijificha kwenye kifungu kingine. Mkataba ulisema kwamba mtu akiikiuka hataza, wa kwenda mahakamani kuitetea ni White mwenyewe, kwa gharama yake. Smith & Wesson walichukua haki ya kuuza na kumwachia mzigo wa kupigana.

Hapa naomba ruhusa ya kuguna. Miaka kadhaa iliyopita nilitia sahihi mkataba na mteja fulani, jina nalihifadhi, uliokuwa na kifungu cha namna hiyo. Mtengenezaji, yaani mimi, angebeba gharama ya madai yoyote kuhusu umiliki wa msimbo. Nilikisoma haraka haraka nikiwaza kodi ya nyumba. Mwaka haukuisha akatokea mtu anayedai sehemu ya ramani tuliyoitumia ni mali yake. Dai lenyewe halikuwa na kichwa wala miguu, lakini wakili alitaka pesa zake vilevile, na nusu ya malipo yangu ikaenda huko. Kwa hiyo nikisoma habari za White, simcheki.

Basi vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka Marekani mwaka 1861. Kila askari alitaka bastola, na waliojinunulia wenyewe walizitaka zile za risasi za ganda. Mwaka huohuo Smith & Wesson wakatoa Nambari 2, ya risasi sita za .32, na maagizo yakawazidi nguvu. Ukipita sokoni na pesa mkononi, bidhaa unayoitaka haipo, na mwenye haki ya kuitengeneza ni mmoja tu. Sote tunajua kinachofuata. Mafundi wa New England wakaanza kutoboa silinda bila kumwuliza mtu. Lucius Pond wa Worcester alikuwa mmoja wao, na kwa maoni ya rafiki yangu bastola yake ilikuwa nzuri kuliko ya wenye hataza: unabana kitasa, mtutu na silinda vinainuka juu kwa pamoja, chuma ni kinene, na inakaa mkononi vizuri.

White akaenda mahakamani, kama mkataba ulivyomtaka. Kesi kubwa ilikuwa dhidi ya mtengenezaji aitwaye Ethan Allen. Upande wa Allen ulijitetea kwamba silinda iliyotobolewa haikuwa jambo jipya. Mahakama ya Massachusetts ikampa White ushindi mwaka 1863. Rufani ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji waligawanyika nusu kwa nusu, na kwa sababu hakuna upande uliozidi, hukumu ya chini ikabaki palepale. Sauti moja tu ingetosha kubadilisha historia ya kiwanda kizima.

Waliokiuka wakalazimika kukabidhi bastola walizokuwa wamezitengeneza, au kuzilipia. Kampuni kadhaa, ya Pond ikiwemo, ziliziuza kwa Smith & Wesson zikiwa na maandishi mapya yaliyochapwa kwenye chuma: imetengenezwa kwa ajili ya Smith & Wesson. Kwa upande wa Pond zilikuwa maelfu. Hayo ndiyo majina mawili ya bastola ya rafiki yangu. La kwanza ni la fundi, la pili ni la hukumu.

Kisha ikaja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mafundi walikaa chini, wakaisoma hataza neno kwa neno kama tunavyosoma masharti ya leseni, wakitafuta upenyo. Hataza inazuia tundu linalopenya silinda nzima na kujazwa kwa nyuma? Vema. Daniel Moore wa Brooklyn akatengeneza risasi inayoingia kwa mbele, yenye kinundu kidogo mkiani kinachochungulia kwenye kijitundu cha nyuma ili nyundo ikipate. Tundu lenyewe halipenyi lote, kwa hiyo hajakiuka. Kampuni ya Plant ikatumia ganda lenye kitako kilichobonyea kama kikombe, nalo likaingia kwa mbele. Bastola ya Slocum ikawa na silinda ambayo kuta za matundu yake zinateleza mbele, ukaiweka risasi kwa ubavuni. Na Pond, baada ya kuumwa na nyoka, akarudi na bastola mpya ambayo kila tundu lake ni kikopo cha chuma unachokichomoa kwa mbele, unakitia risasi, unakirudisha.

Zote hizo zilifanya kazi. Zote zilikuwa mbaya kuliko tundu la kawaida. Fikiria akili na saa zilizomwagwa ili kukwepa sentensi moja! Hata Colt haikupona. Samuel Colt mwenyewe alifariki Januari 1862 bila kuuza bastola hata moja ya silinda iliyotobolewa, na kampuni yake ilipojaribu njia ya kando mwaka 1868, kwa mbinu ya fundi wake Alexander Thuer, risasi bado ziliingia kwa mbele. Remington waliamua kutopoteza muda: mwaka huohuo wa 1868 waliwalipa Smith & Wesson ili waruhusiwe kubadilisha bastola zao za jeshi zaidi ya 4,500 ziwe za risasi za ganda.

Kuna kisa kimoja kinachochekesha na kuhuzunisha papo hapo. Katika miaka hiyo ya vita ilianzishwa kampuni mjini Lowell yenye jina la White mwenyewe, ikiwatengenezea Smith & Wesson bastola kwa ruhusa. White akatoka, kampuni ikavunjwa, wenzake wakaanzisha nyingine kwenye msingi uleule, na hiyo ikaanza kutoboa silinda bila ruhusa. Mzee wa watu ikambidi awashtaki warithi wa kampuni iliyokuwa na jina lake.

Hataza iliisha tarehe 3 Aprili 1869. White aliomba iongezewe muda kama ya Colt ilivyoongezewa, akakataliwa. Akakimbilia bungeni. Hesabu yake ilikuwa kwamba mrabaha wote alioupata ulifika dola 71,000 hivi, na sehemu kubwa ilimezwa na kesi, ilhali Smith & Wesson walikuwa wamepata zaidi ya dola milioni moja. Bunge likamhurumia, likapitisha sheria ya kumpa nafasi nyingine ya kuomba. Mswada ukafika mezani kwa Rais Ulysses Grant, jenerali aliyeviongoza vita vilevile ambavyo askari wake walipigana wakishindilia baruti kwa mbele. Tarehe 11 Januari 1870 Grant alikataa kutia sahihi. Mkuu wa silaha wa jeshi, Jenerali Dyer, alikuwa amemwandikia kwamba serikali ilikwishapata usumbufu wa kutosha wakati wa vita kwa sababu viwanda havikuweza kuitumia hataza hiyo.

Nimejaribu kuchukua upande, nimeshindwa. Grant alikuwa na haki: sentensi moja iliyokuwa tayari inajulikana Paris iliwafungia watu njia kwa miaka kumi na minne. Lakini White naye alikuwa na haki ya kulia, maana aliyevuna si yeye. Ukijumlisha hataza ya Colt na ya White, zilizopokezana kijiti, utaona bastola ya silinda ya Marekani ilikaa chini ya kufuli tangu 1836 hadi 1869, miaka 33. White alifariki mwaka 1892. Smith & Wesson wapo hadi leo.

Kufuli lilipofunguka, mafuriko. Smith & Wesson wenyewe walitoa Nambari 3 mwaka 1870 na kupata maagizo makubwa kutoka Urusi. Colt wakatoa ile ya mwaka 1873 ambayo kila mpenda sinema za farasi anaijua. Zikaja pia bastola za bei ya chini kabisa, chuma dhaifu, zikauzwa kwa kila mwenye senti mfukoni, na watu wengi wakaumia kwazo. Sitaki mdhani uhuru wa kunakili huleta mema matupu. Kufikia mwisho wa karne hiyo, tundu linalopenya lilikuwa la kila mtu, Webley wa Birmingham akiwemo. Ndiyo maana nilisema ile ya Nyeri na hii ya Worcester ni ndugu.

Mnaniuliza rafiki yangu aliikaguaje kabla ya kutoa pesa? Nami nilimwuliza. Kwanza alimwomba mwenye meza ruhusa ya kuishika (hilo ni adabu, na asiyeomba hufukuzwa), akahakikisha haina kitu ndani. Akavuta nyundo polepole mara sita, akisikiliza kama silinda inajifunga kila hatua bila kuchezacheza. Akamulika mtutu kwa tochi kutafuta vishimo vya kutu. Akatazama skurubu: vichwa vikiwa vimechunika, ujue kuna mtu alifungua bila bisibisi sahihi, na huenda alibadilisha vitu ndani. Mwisho akaweka kioo cha kukuzia juu ya maandishi. Kingo za herufi bado zilikuwa kali, na hapo, anasema, mikono ilianza kumtetemeka, akajitahidi uso wake usioneshe chochote kwa sababu bado hawajakubaliana bei.

Kwa sheria ya taifa ya Marekani ya mwaka 1968, silaha iliyotengenezwa kabla ya 1899 huhesabiwa kuwa ya kale, hivyo haifuati taratibu zote za bastola za kisasa, ingawa majimbo mengine yana masharti yao. Hapa Kenya habari ni tofauti kabisa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti, na mapenzi ya historia hayakuwekwa miongoni mwa sababu rahisi za kukipata. Msije mkanunua kitu mtandaoni halafu mkasema ni mimi niliyewashawishi.

Ya rafiki yangu haitapigwa tena. Risasi zake za .32 za aina ile ni adimu, naye hana haja nazo. Ameilaza kwenye sanduku la mbao, juu ya kitambaa kikavu, majina yote mawili yakitazama juu. Nilidhani ugonjwa umepona. Jana usiku, nikiwa bado nahangaika na ile hitilafu yangu, akaniandikia tena: sasa anaitafuta ile Pond ya pili, yenye vikopo vya kuchomoa kwa mbele. Anasema vikopo hivyo hupotea kirahisi, na ni nadra kuikuta ikiwa na vyote sita.